Somo la maadili halijawahi kuondoka, jamani

Juzi tena. Safari hii ilikuwa sauti ya dakika tatu kwenye grupu la wazazi wa darasa la tano: "Mwalimu, watoto wameharibika, rudisheni somo la maadili, mbona sisi zamani tulifundishwa?" Chini yake vidole gumba kumi na kitu, na baba mmoja akadakia kwamba na viboko navyo virudi. Nikaandika jibu, nikalifuta. Nikaandika la pili, nikaona hili litanifikisha ofisini kwa mkuu wa shule. Basi nimelileta hapa.

Somo lipo. Sisi wa rika langu tulisoma Siasa. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Siasa ikaipisha Uraia. Baadaye likaja Uraia na Maadili. Na mtaala ulioboreshwa wa 2023 umetuletea Historia ya Tanzania na Maadili. Neno lenyewe limo mpaka kwenye jalada la kitabu. Viboko navyo havijafutwa: kanuni za 2002 zinaruhusu visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila tukio liingizwe kwenye daftari. Anayetaka ubishi wa viboko aanze kwa kuomba kuliona daftari hilo, ahesabu kurasa zilizoandikwa.

Kwa hiyo somo lipo, fimbo ipo, na bado mnalalamika. Na mimi nalalamika. Ila hatulalamikii kitu kimoja.

Mzazi akisema "maadili", ukimbana kidogo unakuta anataka mtoto aamkie, asijibishane, akitumwa dukani aende. Huo ni utii. Sina ugomvi na utii. Nina watoto 112 kwenye chumba kimoja na kipindi cha dakika 40, ukigawanya kila mtoto anapata kama sekunde 21 zangu. Bila utii kidogo nisingefika hata mwisho wa mahudhurio. Lakini utii si uadilifu, na hapa ndipo watu wananichosha. Mtoto mtiifu ukimtuma jambo la hovyo atalifanya, tena vizuri. Mwadilifu atakuuliza kwa nini, na wewe utasema ana kiburi.

Chukua orodha ya wapiga kelele. Aliyesoma shule ya msingi nchi hii hahitaji kuelezwa. Mwalimu anatoka, monita anasimama mbele na kipande cha karatasi ya daftari la mistari, anaandika majina. Ukiendelea kuongea anaongeza "kazidi" pembeni. Ukiendelea tena, "sugu". Mwalimu akirudi anasoma, walioandikwa wanapita mbele. Nimeitumia orodha hiyo miaka mingi bila kuifikiria hata siku moja, maana hata mimi niliandikwa.

Siku moja nikapewa karatasi ambayo jina la tatu lilikuwa limefutwa kwa ufutio mpaka pametoboka. Nikaiinua dirishani, mwanga ukapenya kwenye lile tundu. Nikamuuliza monita, hapa alikuwa nani? Akanijibu bila hata kutikisika, "Nimemfuta, mwalimu, kanipa barafu." Barafu ya ubuyu, ile ya kwenye mfuko wa nailoni. Na kama mnadhani alikuwa mtoto mhuni, jaribio la mada ya rushwa alipata 46 kati ya 50. Madhara ya rushwa alikuwa anayataja kwa mpangilio, kama beti za wimbo.

Niligombeza, bila shaka. Jioni nikiwa kwenye foleni ya daladala kituo cha Rangi Tatu, Mbagala, ndipo ikaniingia. Yule mtoto nilimpa madaraka juu ya wenzake 111. Sikumpa shahidi, sikuweka pa kukata rufaa, na aliyeandikwa alikuwa anakula viboko vyangu, ambavyo, tuseme ukweli, hakuna mkuu wa shule aliyewahi kuniteua kwa maandishi kuvitoa. Mfumo wa namna hiyo ukimpa mtu mzima, utashangaa akichukua chochote? Mimi ndiye niliyefundisha rushwa. Kitabu kiliipinga kipindi kimoja, karatasi ikaifundisha siku nzima.

(Hapohapo kituoni kondakta alikuwa anawasukuma wanafunzi waliovaa sare, kwa kuwa nauli yao ilikuwa shilingi 200 na ya kwetu zaidi. Asubuhi nilikuwa nimewafundisha haki za mtoto.)

Kesho yake nikawauliza darasani, tufanyeje na kelele? Wanaodhani watoto ni malaika wa demokrasia wangekuwepo. Pendekezo la kwanza: viboko kumi. La pili: kupiga magoti juani mpaka kengele. Nikawakumbusha kwamba wanaopiga kelele ni wao wenyewe, ndipo bei ikaanza kushuka. Tukafika hapa: anayeandikwa asomewe jina lake papo hapo, awe na nafasi ya kupinga mbele ya wenzake, umonita uwe wa zamu, wiki mbili mbili, adhabu isiwe fimbo.

Adhabu gani basi? "Kudeki choo, mwalimu." Nikakataa, na jambo hili nalo linanikera kuliko ninavyoweza kueleza. Tunataka watu wazima wasitupe chupa kwenye mitaro, halafu kwa miaka yote ya shule ya msingi tunamfundisha mtoto kwamba kusafisha mahali pa wote ni kazi ya mkosaji. Mwalimu Nyerere kwenye Elimu ya Kujitegemea, 1967, alitaka wanafunzi walime shamba la shule na washiriki kuamua mambo ya shamba hilo. Mimi nililima. Kuamua, sikuamua hata mbegu. Jembe likabaki, uamuzi ukaachwa njiani, na mwisho shamba likawa mahali pa kupelekwa waliochelewa namba. Sasa siku hizi kwangu choo kina zamu ya wote, mimi nikiwemo, na kuna mzazi aliyekuja kuuliza kama nimeadhibiwa.

Ningependa kuishia hapo nikiwa shujaa. Baada ya kama muhula mmoja msichana mmoja wa dawati la nyuma akanifuata wakati wa mapumziko, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba orodha haina kitu. Kwa nini? Kwa sababu umonita ni wa zamu, wamekubaliana: usiniandike wiki zako, na mimi wiki zangu sikuandiki. Barafu zilikuwa zimekwisha kabisa. Nimeondoa hongo nikaleta kubebana, na sina hakika kipi kibaya zaidi. Labda ni hatua mbele, maana angalau walikaa wakapatana. Labda najifariji.

Na kuna jingine ambalo wenzangu wa semina hawapendi nilitaje: sijui kama haya yanadumu. Mtihani unapima madhara ya rushwa, haupimi atakachofanya mtoto akipewa karatasi na kalamu hakuna anayemwangalia. Nimefundisha miaka 19, watoto wangu wa mwanzo sasa wana watoto. Mmoja ni kondakta. Tulikutana, akakataa nauli yangu kwa heshima kubwa, "Shikamoo mwalimu, kaa mbele," huku mguu wake umeziba mlango wasipande wanafunzi wawili. Nikamwambia wapandishe. Akawapandisha haraka sana, kwa sababu niliagiza mimi.

Muhula huu nimeiondoa orodha kabisa. Nikitoka, watoto wawili kutoka madawati tofauti wanaandika ubaoni kazi iliyofanyika, si majina. Kelele zimezidi, sifichi. Mwalimu wa darasa la pili ameshagonga ukuta mara mbili, na wiki ijayo zamu ni yangu, kwa hiyo nitakuwa nje ya darasa zaidi kuliko ndani. Wazazi wa grupu, mkipita karibu na dirisha mkasikia fujo, ndiyo sisi.