Huyo Si Vunjajungu, Naomba Tuelewane

Haipiti wiki bila mtu kunitumia picha WhatsApp: kitu chembamba kimeng'ang'ania wavu wa dirisha, na chini yake ameandika, "Mtaalamu, huyu ni vunjajungu wa aina gani?" Safari hii aliyetuma ni mwalimu wa baiolojia. Uvumilivu umeniishia.

Mwalimu wangu, huyo ni mdudu-kijiti. Mtazame miguu ya mbele. Ya vunjajungu ni minene, ina miiba, na huikunja kifuani tayari kunasa nzi. Mdudu-kijiti ana miguu sita ya kutembelea, basi. Akijificha, ile ya mbele huinyoosha kupita kichwa sambamba na papasi, zile nyuzi mbili za kichwani, na ukimweka chini ya lenzi utaona paja la mbele limepinda karibu na shina lake, kikaachwa kijinafasi cha kichwa kulala. Hutalikuta pindo hilo kwa vunjajungu yeyote.

Mengine nayapitia haraka. Vunjajungu hula nyama. Wadudu-vijiti, spishi zaidi ya 3,000, wote hula mimea. Vunjajungu hutaga mayai kwa pamoja ndani ya povu linaloganda, wakati mdudu-kijiti kwa kawaida hutaga moja moja, na yai lake utadhani mbegu. Baadhi yana kinundu ambacho sisimizi hukipenda mno, wakalibeba yai hadi kichuguuni. Kwa ukoo, vunjajungu yuko na mende na mchwa. Oda (yaani kundi kubwa la kiukoo) ya Phasmatodea, ndiyo ya wadudu-vijiti na wadudu-majani, jamaa zake wa karibu ni Embioptera, wadudu wadogo wanaofuma hariri kwa miguu ya mbele. Hao hakuna anayenitumia picha zao.

"Lakini wanafanana!" Ndiyo jibu ninalopewa kila mara, na ndilo linalonikera. Katika kundi hili umbo ni shahidi wa uongo. Anayesema kijiti ni kijiti ni sawa na anayeona watu wawili wamevaa kanzu akaamua ni ndugu wa tumbo moja.

Chukua mdudu-kijiti Dryococelus australis wa kisiwa cha Lord Howe, Australia: mnene, mweusi, hana mabawa, mchana hujificha kwenye mashimo ya miti. Panya walishuka kisiwani mwaka 1918 kutoka kwenye meli iliyokwama, na haikuchukua muda akahesabiwa kuwa ametoweka, mpaka alipopatikana hai mwaka 2001 kwenye mwamba wa Ball's Pyramid. Kwa miaka mingi aliwekwa pamoja na Eurycantha wa New Guinea, kwani ukiwapanga mezani utaapa ni mtu na binamu yake. Mwaka 2009 DNA ikakataa. Kila mmoja alilipata umbo hilo kivyake, kwa kuishi maisha yaleyale.

Jike na dume nao wanatuchezea. Jenasi (yaani kikundi cha spishi za karibu) Nanophyllium ya wadudu-majani ilipewa jina mwaka 1906, na kwa zaidi ya miaka 100 walijulikana madume tu. Mwaka 2018 mayai ya mdudu-jani Phyllium asekiense, ambaye naye alijulikana kwa majike tu, yalipelekwa kwenye makumbusho ya wadudu Montreal, Kanada. Yakaanguliwa, watoto wakakua, na madume walipokomaa wakawa ni Nanophyllium! Jike pana kama jani, dume mwembamba mwenye mabawa marefu, na wataalamu walikuwa wamewaweka kwenye jenasi mbili tofauti. Usahihisho ulichapishwa mwaka 2020.

Hata mgawanyo mkuu wa zamani wa oda hii ulisimama juu ya kieneo kidogo kwenye ncha ya muundi: wenye nacho huku, wasio nacho kule. Siku hizi hakuna anayeutetea. Uchambuzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba, ukiacha Timema wa magharibi mwa Marekani na kikundi kimoja cha Asia, waliobaki wanagawanyika kijiografia: wa Amerika upande mmoja, wa Afrika, Asia na Australia upande mwingine. Mipaka ya familia nyingi bado inahamishwa, kwa hiyo ukinibana nikutajie familia, nitakutajia ya leo. Na mabawa? Mwaka 2003 ilidaiwa kwamba mababu waliyapoteza na baadhi ya wajukuu wakayapata upya. Mimi naegemea kwa wanaopinga, ila hoja ya kumziba mtu mdomo sina.

Sasa kwa Watanzania wanaoshikilia kwamba lazima pawepo mdudu wa katikati ya vunjajungu na mdudu-kijiti. Mwaka 2002 ilitangazwa oda mpya kabisa, kwa vielelezo vya zamani vilivyokuwa vimelala makumbusho Ulaya, kimoja cha Namibia, kingine cha Ufipa, Tanzania, kilichokusanywa mwaka 1950. Ikaitwa Mantophasmatodea, majina mawili yameunganishwa, kwa sababu sura yake ni vunjajungu nusu, kijiti nusu. Anakula nyama na hana mabawa. Undugu wake? Si huku wala kule: DNA inamweka karibu na wadudu wa barafu wa Amerika Kaskazini na Asia.

Kwa hiyo picha tumeni, sikatai. Ila pigeni miguu ya mbele kwa karibu, na mkia kwa ubavu, nipate kujua jike au dume. Mkiwakuta wamepandana, wapigeni hivyohivyo wote wawili, msiwatenganishe.