Logo inapendeza kwenye skrini, kwa mchapaji inatoka vingine: mambo ya kujua ukitumia Inkscape

Kwenye kitengo chetu cha mafunzo ya usanifu, swali tunaloulizwa kila wiki ni hili, mbona kazi yangu ilikuwa safi kwenye kompyuta halafu ikaprintiwa ikaharibika? Mara nyingi jibu liko kwenye faili lenyewe, mashine haina kosa.

Tuanze na picha yenyewe. Picha ya kawaida ya JPG ni vidoti vidoti, ukiivuta iwe bango unavuta na vidoti vyake ndo maana inakuwa na ukungu. Mchoro wa vekta ni maelekezo tu, yaani mstari uanzie hapa, upinde hivi, uishie pale, kwa hiyo hata ukiukuza mara mia kompyuta inauchora upya na kingo zinabaki kali vilevile.

Inkscape ndo programu ya kazi hiyo na ni ya bure kabisa, ilijitenga na programu nyingine iitwayo Sodipodi mwaka 2003, na msimbo wake uko wazi chini ya leseni ya GPL, yaani yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuubadilisha. Inahifadhi kwa SVG, aina ya faili la vekta, ambayo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, waliipitisha kuwa kiwango rasmi mwaka 2001, na SVG ni maandishi tu, ukilifungua faili kwa programu ya kuandikia utayasoma. Mimi hili nalipenda sana kwa sababu kazi yako haifungiwi na kampuni yoyote.

Sasa fonti, yaani muundo wa herufi, hapa ndo watu wengi wanaumia. Umeandika jina la biashara kwa fonti nzuri uliyoidownload, unapeleka SVG kwa mchapaji, kompyuta yake haina hiyo fonti, inaweka nyingine na hakuna anayeshtuka mpaka kadi zimeshakatwa. Dawa yake, chagua maandishi halafu bonyeza Shift+Ctrl+C, yanageuka kuwa mchoro wa kawaida. Tenganisha kundi, shika herufi "o" moja kwa zana ya nodi (ile ya kushika pointi za mstari) utaona imekuwa mistari miwili iliyofungwa, wa nje na wa ndani, haihitaji tena fonti ya mtu. Ila ukishafanya hivyo huwezi kusahihisha spelingi, kwa hiyo tafadhali baki na kopi ya awali, nasisitiza sana hapa!

Rangi nayo ina mambo yake. Skrini inatoa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, ndo RGB, karatasi inapakwa wino wa siani, majenta, njano na nyeusi, ndo CMYK, na ile kijani inayong'aa kwenye skrini wino wa kawaida hauifikii. Inkscape, hata toleo la 1.4, inakutolea PDF ya RGB hata kama umechagua rangi kwa vitelezi vya CMYK. Ubaya zaidi uko kwenye nyeusi, RGB ikibadilishwa kuwa CMYK kwa mchapaji inaweza kuwa mchanganyiko wa wino zote nne, na kwenye herufi ndogo karatasi ikisogea kidogo tu unaona kivuli cha rangi pembeni ya kila herufi. Kazi ya hivyo imalizie Scribus, programu ya kupanga kurasa, nayo ni ya bure, pale unaziweka rangi kuwa CMYK na nyeusi inabaki wino mmoja.

Rangi ya nyuma ipitishe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia. Ukiwa na vivuli vya ukungu, jua vinageuzwa vidoti wakati wa kutoa PDF, kwa hiyo azimio weka 300, yaani vidoti 300 kwa kila inchi.

Na kama una faili la zamani, la kabla ya toleo 0.92 lililotoka 2017, Inkscape itakuuliza kitu ukilifungua, usibonyeze haraka haraka. Zamani inchi moja ilihesabiwa pikseli 90, sasa 96, kwa hiyo chagua lile jibu la kazi ya karatasi ili vipimo halisi vibaki, kisha angalia upana kwa milimita kabla hujatuma.