Programu ya Kukuza Picha Haijala Rangi Zako

Wapiga picha wa harusi wana malalamiko moja wasiyochoka nayo: "Picha nimeihariri kwa programu ya Lightroom ikapendeza, nimeipeleka Gigapixel, ile ya kukuza picha, ikarudi imepauka. Ile programu inakula rangi." Haili chochote. Nimechoka kulieleza hili kwa simu.

Dhana: marekebisho yangu yamo ndani ya faili ya RAW, ile picha mbichi inayotoka kwenye kamera.

Hayamo, na hayajawahi kuwamo. Lightroom Classic haigusi RAW yako, iwe CR3 ya Canon au NEF ya Nikon. Mwangaza uliopandisha, rangi ulizotuliza, kingo ulizokata, vyote huandikwa kama maelekezo kwenye katalogi, yaani daftari la Lightroom lenyewe, au pia kwenye faili ndogo ya XMP inayokaa pembeni. Sasa wewe unaingia kwenye folda, unaiburuta RAW hadi Gigapixel, halafu unashangaa. Umepeleka picha mbichi, na Gigapixel haisomi katalogi ya mtu.

Anzia ndani ya Lightroom: bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua Edit In, kisha programu ya kukuza. Lightroom itatengeneza nakala ya TIFF, aina ya faili ya picha yenye ubora wa juu, ikiwa na marekebisho yako yote. Iweke biti 16, yaani kina kikubwa cha rangi. Kama picha ya awali ni JPEG au TIFF, utaulizwa unataka kupeleka nini. Chagua nakala yenye marekebisho ya Lightroom. Ukichagua Edit Original umerudi kule kule kwenye picha isiyo na marekebisho, na tafadhali usinipigie.

Topaz Photo AI, programu nyingine ya kusafisha na kukuza picha, ina njia tofauti kupitia menyu ya Plug-in Extras ya Lightroom, inayopeleka RAW makusudi na kurudisha DNG, faili nyingine ya aina ya RAW. Hiyo ni ya kuondoa chenga, vile vidoa vya punjepunje, kabla hujaanza kuhariri. Watu wanaitumia mwishoni, kisha wanalaumu programu.

Dhana: picha haikurudi Lightroom, kwa hiyo nisakinishe upya.

Umetumia Save As. Lightroom inaingoja TIFF ile ile, kwa jina lile lile, kwenye folda ile ile. Ukiipa jina jipya, haina habari nayo. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua Synchronize Folder, utaiona. Siku nyingine, Save tu.

Dhana: nikiandika DPI (nukta kwa kila inchi ya karatasi) 300, ubora unapanda.

Picha ya pikseli 3000 kwa 2000 inabaki na pikseli hizo hizo, uandike 72 au 300. Namba hiyo inaiambia printa ukubwa wa kuchapa tu: kwa 300, upana ni kama sentimita 25.

Dhana: Gigapixel itaokoa picha iliyotumwa WhatsApp.

Itakuza pia madoa yaliyoletwa na WhatsApp kuibana picha, kisha imvishe bibi harusi ngozi ya plastiki. Omba itumwe upya kama dokyumenti.

Dhana: kompyuta ikiganda, ina virusi.

Piga hesabu kwanza. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ni megapikseli 24. Ikuze mara mbili kila upande, zinakuwa 96, na TIFF yake ya biti 16 isiyobanwa inafika MB 576. Mara nne kila upande, inazidi GB 2. Kama RAM yako, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 8, funga Photoshop na kivinjari, anza kukuza, kisha nenda kale chakula.