Kiingereza cha darasani, maisha ya kijijini: fasihi ya Ufilipino

Wanafunzi wanaosoma fasihi linganishi kwetu wakikutana na hadithi ya Mfilipino kwa mara ya kwanza, huuliza swali lile lile: watu waliotawaliwa na Hispania kwa zaidi ya miaka 300 imekuwaje wakaandika kwa Kiingereza? Jibu linaanzia shuleni.

Hispania ilikaa Ufilipino kuanzia mwaka 1565, lakini Kihispania kilibaki kuwa lugha ya mapadri, maofisa na familia chache zenye uwezo. José Rizal, ambaye Wafilipino wanamhesabu kuwa shujaa wa taifa, aliandika riwaya zake mbili kwa Kihispania na kuzichapisha Ulaya mwaka 1887 na 1891. Wahispania walimpiga risasi Desemba 1896, na wakati huo wananchi wenzake wengi hawakuwa na uwezo wa kumsoma katika lugha aliyoandikia. Miaka miwili baadaye Marekani ilivinunua visiwa hivyo kwa dola milioni 20, ilhali Wafilipino walikuwa wamekwisha kujitangazia uhuru wao tangu Juni 12, 1898. Vita vikazuka. Kabla havijaisha, sheria ya mwaka 1901 ikaanzisha shule za umma na kuamuru masomo yatolewe kwa Kiingereza. Agosti mwaka huo meli ya jeshi iliyoitwa Thomas ikatia nanga Manila ikiwa na walimu wa Kimarekani wapatao 500.

Matokeo yake yalikuja haraka mno. Chuo Kikuu cha Ufilipino kilianzishwa mwaka 1908, Zoilo Galang akatoa riwaya ya kwanza ya Mfilipino kwa Kiingereza mwaka 1921, na mwaka 1925 Paz Marquez Benitez akachapisha "Dead Stars", hadithi fupi ambayo wahakiki wengi huitaja kuwa ya kwanza iliyokomaa kweli. Inamhusu Alfredo, mwanasheria aliyechumbia mwanamke mmoja huku moyo ukimwendea mwingine. Anamwoa yule wa kwanza, na miaka minane baadaye anamfuata yule wa pili mjini kwao, anagundua kwamba alichokuwa akikililia kilikwisha zamani. Mwandishi wake alizaliwa mwaka 1894, Wahispania wakiwa bado wanatawala. Ni kizazi kimoja tu kilichopita kati ya kufundishwa herufi na kuandika hadithi ya kiwango hicho, na yeye mwenyewe akawa mwalimu wa waandishi waliofuata chuoni.

Hata hivyo kusifia kasi hiyo peke yake hakutoshi. Nionavyo, uhai wa fasihi hii uko mahali pamoja: pale Kiingereza cha darasani kinapobebeshwa maisha ambayo wenyewe wanayaishi kwa lugha za nyumbani: Kiilokano, Kitagalog au lugha za Visaya. Anayelionyesha hilo vizuri kuliko wote ni Manuel Arguilla, mtoto wa kijiji cha Nagrebcan, mkoa wa La Union.

Katika hadithi yake mashuhuri, kijana mdogo aitwaye Baldo anatumwa barabarani kumpokea kaka yake Leon, anayerudi kutoka Manila na mke wa mjini, Maria. Baba ametoa maagizo ya ajabu. Baldo asiende na farasi na gari zuri, aende na mkokoteni unaokokotwa na fahali Labang. Wakati wa kurudi asipite njia kuu, apite mkondo wa mto uliokauka. Leon anashangaa, anamuuliza mdogo wake sababu, na Baldo hana jibu ila kwamba baba ndiye aliyesema. Wanakwenda gizani, nyota zimejaa juu, Leon anaimba wimbo wa wakulima na mkewe anaufuatisha. Wakifika nyumbani, baba amekaa dirishani na tumbaku yake, mguu ukimuuma. Hamwambii mtu lolote kuhusu mkwe wake. Anamuuliza Baldo tu: je, Maria alimwogopa Labang? Hakumwogopa.

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa kwamba bibi harusi ametahiniwa, na kwamba amefaulu. Hakuna mahali Arguilla anapotumia neno mtihani. Baldo anamwita kaka yake Manong, kwa heshima ya Kiilokano, na mwandishi hasimami kutufafanulia. Sentensi zenyewe zinatembea kwa mwendo wa yule fahali. Kitabu kilichobeba hadithi hiyo kilipata tuzo ya serikali mwaka 1940. Miaka minne baadaye Wajapani waliokuwa wameikalia nchi walimuua Arguilla, kwa kuwa alikuwa akifanya kazi ya siri ya upelelezi dhidi yao.

Mwaka huo huo wa 1940 ndipo mjadala mkubwa wa fasihi hii ulipopamba moto. Upande mmoja alikuwepo José Garcia Villa, mshairi aliyesimamishwa masomo chuoni mwaka 1929 kwa mashairi yaliyosemekana kuvunja maadili, akahamia Marekani. Villa alitaka shairi liwe sanaa tupu, lisitumwe kazi ya siasa wala mahubiri. Baadaye alifikia hatua ya kuweka mkato baada ya kila neno ili msomaji apunguze mwendo. Upande wa pili alikuwepo Salvador P. Lopez, aliyepata tuzo mwaka huo kwa insha zake kuhusu fasihi na jamii, akidai kwamba mwandishi aliyeyapa mgongo mateso ya watu wake amejipunguzia nguvu mwenyewe. Wanaokumbuka ubishi wetu wa malenga na wanamapinduzi wa ushairi wa Kiswahili miaka ya 1970 wataelewa jinsi watu wanavyoweza kugombana kwa dhati juu ya shairi, ingawa ubishi wetu ulihusu zaidi vina na mizani. Mimi niko upande wa Lopez, lakini nakiri kwamba Villa aliwafundisha wenzake kulisikiliza kila neno.

Kuanzia mwaka wa uhuru kutoka Marekani, uliopatikana Julai 4, 1946, dhamira zilipanuka. Carlos Bulosan, mtoto wa mkulima wa Pangasinan aliyefika Seattle mwaka 1930, alieleza mwaka 1946 maisha ya vibarua wa Kifilipino katika mashamba ya pwani ya magharibi ya Marekani: ujira mdogo, kupigwa, kufukuzwa mji hadi mji. N.V.M. Gonzalez aliandika juu ya wakulima wa kisiwa cha Mindoro. F. Sionil José alitumia riwaya tano kufuatilia ardhi, makabaila na wapangaji wao kwa takriban miaka mia moja. Naye Nick Joaquin aligeukia Manila ya Wahispania. Katika tamthilia yake maarufu, dada wawili wanaishi katika nyumba kuukuu ya mtaa wa Intramuros na kukataa kuuza mchoro wa baba yao, ingawa hata bili ya umeme inawashinda. Inatokea Oktoba 1941. Mtazamaji anajua kwamba mtaa huo utateketezwa katika mapigano ya 1945, na hao dada hawajui.

Rais Ferdinand Marcos alipotangaza sheria ya kijeshi mwaka 1972, magazeti yalifungwa na waandishi wakawekwa ndani. Mwaka 1973 jarida moja lililokubaliwa na utawala lilichapa shairi la Kiingereza kuhusu Prometheus wa visasili vya Kigiriki, lenye jina la mtunzi asiyejulikana. Lilionekana ni shairi la kisomi lisilo na madhara. Lakini ukisoma herufi ya kwanza ya kila mstari kutoka juu kwenda chini, unapata kaulimbiu ya waandamanaji wa mitaani: Marcos, Hitler, dikteta, kibaraka. Mtunzi halisi alikuwa mwandishi wa habari Jose F. Lacaba, ambaye baadaye alikamatwa na kuteswa. Mwaka 1976 serikali ilipotaka kumpa Nick Joaquin heshima ya Msanii wa Taifa, alikubali kwa sharti kwamba Lacaba aachiwe. Akaachiwa.

Miaka hiyo waandishi wengi walihamia Kifilipino, lugha ya taifa iliyojengwa juu ya Kitagalog, wakiona Kiingereza ni lugha ya tabaka la juu. Hoja yao ilikuwa na uzito, na bado inao. Katiba ya 1987 inazitambua zote mbili kuwa lugha rasmi, na waandishi wengi leo hutumia zote.

Dhamira iliyokua zaidi ni ya kwenda ng'ambo kutafuta riziki, na hapa mataifa yetu yanakutana kabisa na Wafilipino. Riwaya ya Jose Dalisay ya mwaka 2008, "Soledad's Sister", inaanza na jeneza linalowasili Manila kutoka Saudi Arabia. Jina lililoandikwa juu yake ni la mwanamke ambaye yuko hai, anaimba katika baa. Aliyekufa ni dada yake, aliyesafiri kwa hati zake. Familia za Mombasa, Tanga au Kampala zilizopeleka binti zao Ghuba kufanya kazi za ndani zitaisoma bila kuhitaji mkalimani wa maisha.

Kwa anayetaka kuanza, aanze na Arguilla, ambaye ni mfupi na mwepesi, kisha Joaquin kwa subira, halafu Dalisay. Villa aachwe mpaka sikio limezoea.