Kabla hujanunua gari la juu, hesabu watu wako

Swali ninaloletewa zaidi gereji siku hizi halihusu injini. Linahusu umbo. Mtu amezunguka yadi za Mombasa mpaka viatu vimeisha, ameona Mazda CX-5 inang'ara, ameona Noah, ameona Fielder, bei zinakaribiana, sasa anataka nimwambie ashike lipi. Kazi yangu ni kukagua magari kabla mnunuzi hajatoa pesa, kisha kuyatengeneza yakishaanza kutumika, kwa hivyo nayajua yakiwa mapya machoni pa mtu na nayajua pia miaka mitatu baadaye. Nitoe rai yangu mapema: familia nyingi za mji huu zinazonunua krosova zingefaidika zaidi na minivani ndogo au steshenwagoni. Si zote, na nitasema ni zipi.

Tuelewane majina kwanza. Krosova ni gari lililoundwa juu ya msingi wa saluni, likainuliwa na kupewa kifua cha gari la porini: CX-5, X-Trail, Forester, Harrier, Vezel. Minivani ina safu tatu za viti, sakafu iko chini na paa liko juu: Noah na pacha wake Voxy, Serena, na wadogo kama Sienta na Freed. Steshenwagoni ni saluni ambayo paa lake limenyooshwa mpaka nyuma: Fielder, Probox, Wingroad. Wish imesimama katikati, ina safu tatu lakini kimo na milango ni ya steshenwagoni.

Kinachouza krosova hapa kwetu ni uvungu, yaani nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi. Mteja ananiambia, "Fundi, barabara zetu unazijua." Nazijua. Forester iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2012 ina uvungu wa milimita 220, CX-5 ina 210. Fielder ya kizazi cha 2012 ina 155, Noah ya 2014 ina 160, na Sienta ya 2015 ina 145. Tofauti ya Forester na Fielder ni kama vidole vinne. Kwa anayelala Utange ndani, Mtopanga au Kiembeni, kule lami inakoishia na mawe ya matumbawe yanapoanza kuchomoza barabarani, vidole vinne hivyo vina thamani. Kwa anayetoka Tudor kwenda Nyali kupitia darajani, kisha akarudi, havimsaidii kitu. Na kumbuka hesabu hizo ni za gari tupu. Pakia watu saba kwenye gari lenye springi zilizochoka, na uvungu ulioulipia umeshapungua kabla hujafika kwenye tuta la kwanza. Nimeona krosova nyingi zimekwaruzwa tumboni kwa sababu hiyo, mwenyewe akishangaa.

Mwenye gari la chini anaweza kusaidika kidogo bila kubadilisha gari. Springi mpya za kiwango sahihi, ngao ya chuma chini ya injini, na basi. Zile spesa, vipande vinene vinavyowekwa juu ya shokamzoba ili Fielder ifanane na Forester sizipendi hata kidogo. Ekseli inalazimika kufanya kazi kwa pembe isiyo yake, mipira ya maungio inapasuka, mchanga unaingia, na miezi michache baadaye mtu anarudi na mlio wa "ka-ka-ka" kila akikata kona.

Sababu ya pili ninayoambiwa ni mvua. Hapa naomba nisikilizwe, kwa maana imegharimu watu injini nzima. Kimo cha gari hakikupi ruhusa ya kuingia majini. Injini huvuta hewa kupitia mdomo ulio karibu na boneti, na lori likikupita kwa kasi kwenye barabara iliyofurika, wimbi lake linaufikia mdomo huo kwenye krosova kama linavyoufikia kwenye Fielder. Maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi kama hewa; konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, inapinda, na hapo unanunua injini nyingine. Masika yakimwaga na maji yakafika nusu ya gurudumu, geuza gari, liwe la aina gani. Ninaogopa zaidi dereva wa krosova kuliko wa Probox, maana wa Probox anajua yuko chini.

Kuna feri pia. Maji yanapokupwa pale Likoni, njia ya kuingilia feri huwa na mteremko mkali, na pale ulimi wa feri unapokutana na saruji ndipo bampa hukwaruza. Kinachoumiza zaidi hapo ni pua ndefu mbele ya tairi na mkia mrefu nyuma yake. Kama unavuka kila siku, pima pua ya gari kabla ya kupima uvungu. Tangu barabara ya Dongo Kundu ilipoungana na upande wa Kwale, mtu wa Changamwe au Miritini anayekwenda Ukunda anaweza kuikwepa feri kabisa, na swali hili kwake limekwisha.

Sasa kuhusu watu, ambao ndio wanaoketi humo ndani kila siku.

Mama mmoja mwenye biashara ya mapishi alinijia akitaka X-Trail. "Mwanangu, nataka gari la juu, matuta yamenichosha." Nikamwambia, "Shikamoo mama. Siku ya kawaida unampakia nani, na unapakia nini?" Akaanza kutaja: wajukuu asubuhi shuleni na jioni madrasa, mama yake mzee kliniki, masufuria ya biriani mwisho wa wiki. Kufikia masufuria, alikuwa amenyamaza akifikiri. X-Trail ya viti saba ipo, lakini safu yake ya tatu ni ya watoto wadogo, na kuifikia ni lazima kiti cha mbele yake kisogezwe na kukunjwa. Ukifunga viti viwili vya watoto safu ya katikati, safu ya tatu haifikiki tena. Kwenye Noah yenye viti viwili vilivyoachana katikati, mtoto anapita mwenyewe kati ya viti na kwenda kukaa nyuma.

Mlango wa kuteleza ni jambo ambalo watu hulidharau mpaka walipate. Simama nje ya shule yoyote kisiwani saa moja asubuhi. Tuktuk inapita huku, bodaboda kule, na mtoto wa darasa la pili anafungua mlango kwa nguvu zake zote bila kutazama. Mlango wa krosova unafunguka kwenye njia ya bodaboda. Mlango wa Sienta unateleza ubavuni mwa gari. Kule Kibokoni na vichochoro vya Mji wa Kale, kuna mahali huwezi kufungua mlango wa kawaida zaidi ya robo bila kugonga baraza ya mtu. Kwangu mimi, mwenye watoto wadogo na anayeshusha watu barabarani kila siku, hii peke yake inatosha kuamua.

Mlango huo una gharama yake, siifichi. Mchanga wetu mwembamba unaingia kwenye reli, roda zinakwisha, na ule wa umeme ukikatika kebo au ukichomeka mota, utalipa pesa ya maana. Piga reli brashi mara kwa mara, usiijaze grisi nzito, maana grisi inashika mchanga na kuufanya msasa. Unapokagua gari, fungua na ufunge milango yote miwili mara kadhaa, kwa swichi na kwa mkono. Ukisikia mkwaruzo au mlango ukasita katikati, hapo pana mazungumzo ya bei.

Wazee nao. Fielder inamlazimu bibi mwenye magoti mabovu ashuke mpaka chini, na kutoka ni shida zaidi kuliko kuingia. Minivani ina kizingiti cha chini na mlango mpana. Anakanyaga, anashika mpini, anaketi, buibui halinaswi. Krosova hapa ina haki yake: kwa mtu wa kimo cha kawaida mwenye maumivu ya mgongo, kiti cha Forester kiko usawa wa nyonga, hupandi wala hushuki. Lakini kwa bibi mfupi, kile kile ni kupanda ngazi.

Steshenwagoni ni ya nani basi? Ni ya watu wanne au pungufu wenye mizigo. Fielder ina uzito wa karibu kilo 1,150, wakati CX-5 inakaribia 1,500 na Noah inazidi hapo, na uzito huo unaulipia kwenye petroli, kwenye breki na kwenye bushi kila siku unayokaa foleni ya Makupa. Buti lake liko chini na limenyooka, gunia unalisukuma tu, hulinyanyui mpaka kifuani. Probox inabeba kuliko Fielder na inavumilia mno, ila kiti chake cha nyuma ni chembamba na mgongo umesimama wima. Usiwapakie wazazi wako mpaka Malindi humo na kutarajia dua njema.

Minivani nayo, viti vyote vikiwa na watu, haina pa kuweka masanduku. Safu ya tatu ya Sienta huingia chini ya safu ya pili, ya Noah hukunjwa ikaning'inia ubavuni, na hapo ndipo unapopata buti. Safari ya watu saba na mizigo yao inahitaji keria juu ya paa.

Jaribu kiyoyozi adhuhuri, gari likiwa limeanikwa juani, na uketi safu ya mwisho mwenyewe. Asubuhi kila kiyoyozi kinapoza. Noah nyingi zina matundu ya hewa darini kwa abiria wa nyuma. Magari madogo ya viti saba mengi hayana, na mtoto aliye nyuma anaiva huku baba mbele anaona baridi.

Upande wa pesa, kuna mstari mmoja wa kuujua: ujazo wa injini wa cc 1,500. Ushuru wa bidhaa kwa gari la petroli lisilozidi hapo ni asilimia 20, na ukivuka unakuwa 25. Sienta, Freed, Fielder ya 1.5 na Vezel ziko upande wa nafuu. CX-5, X-Trail na Noah ziko ng'ambo. Halafu kuna kanuni ya miaka 8: gari lililozidi umri huo haliingii nchini. Wish iliacha kutengenezwa mwaka 2017, kwa hivyo utakayoipata sasa imeshatumika hapa hapa, na lazima uikague kama gari la Mombasa.

Gharama nyingine inafuata kwenye matairi. Fielder hutumia 175/65 ya inchi 15. CX-5 ya daraja la juu hutumia 225/55 ya inchi 19, tairi pana na kubwa zaidi, na jiwe la matumbawe halina huruma nalo. Forester inaendesha magurudumu yote manne wakati wote, kwa hivyo matairi yake lazima yalingane. Likikatwa moja huku mengine yamelika nusu, ukiweka jipya peke yake unaumiza mitambo ya kati. Wajapani wanahitaji mfumo huo kwa theluji. Muulize nafsi yako wewe unauhitajia wapi. Kama una shamba Kinango au Kaloleni na unakwenda kila wiki, iwe mvua au jua, jibu unalo, nunua krosova na moyo wako utulie. Hao ndio niliowatoa mwanzoni niliposema si familia zote.

Kutu sasa, na hapa umbo halina neno, yote yanaliwa. Gari linaweza kutoka mikoa ya Japani inayomwagwa chumvi barabarani wakati wa theluji, kisha likaja kuishi kando ya bahari. Omba karatasi ya mnada na utafute herufi S na C kwenye mchoro wa bodi: S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Lipandishe gari juu, utazame mhimili wa nyuma, mabomba ya breki na mishono ya sakafu. Kwenye minivani tazama chini ya reli za milango. Na uulize kituo unachooshea gari kinatumia maji gani, kwa kuwa visima vingi vya hapa vina maji ya chumvi. Anayevuka feri kila siku kisha akaosha tumbo la gari kwa maji ya kisima analiongezea chumvi kwa pesa yake. Maji ya mfereji, ijapokuwa ni ghali kidogo, ndiyo yanayofaa chini ya gari.

Siku ya kulijaribu gari usiende peke yako. Chukua wale unaowapakia siku ya kawaida: bibi, watoto, kiti cha mtoto, hata sufuria tupu kama unafanya biashara ya chakula. Wape nafasi waingie na kutoka wenyewe, kisha pitisha gari kwenye matuta ya mtaani kwako likiwa limejaa, na upandishe kilima polepole usikie kama gia inasita au inatetemeka, maana gia nyingi za magari haya ni za mkanda (CVT) na hazisamehi mafuta machafu. Muuzaji akikwambia gari lake si la kujaza watu kwa majaribio, mshukuru kwa adabu na uende yadi inayofuata.