Jino bovu halisubiri mionzi iishe
Mgonjwa akiambiwa ana saratani ya kinywa au koo na kwamba atapigwa mionzi, ndugu wengi humshauri hivi: "Maliza mionzi kwanza, hayo meno yaliyotoboka utang'oa baadaye." Ushauri huo hutolewa kwa upendo, lakini ni wa hatari.

Mionzi ya kichwa na shingo hudhoofisha mishipa midogo ya damu inayolisha mfupa wa taya, hasa taya la chini. Ukija kung'oa jino hapo, hata miaka kadhaa baadaye, tundu linaweza kukataa kufunga, mfupa ukabaki wazi na kufa. Ndiyo maana jino lisilookoleka hung'olewa kabla, na kidonda hupewa kama wiki 2 kupona. Ikiwa mionzi ulishamaliza na jino linauma, usikimbilie kung'oa popote. Mwambie daktari wa meno kwamba taya lako lilipigwa mionzi, awasiliane na waliokutibu.

Wengine huacha mswaki vidonda vya kinywani vinavyoletwa na mionzi vikianza. Tafadhali usiache! Tezi za mate zikidhoofika kinywa hukauka, na bila mate meno huoza kwa kasi. Chukua mswaki laini, uloweke kwenye maji ya moto hadi nywele zilegee, utumie dawa ya meno yenye floridi isiyowasha. Sukutua mara kwa mara kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Dawa za kusukutua zenye alkoholi huunguza. Maumivu yakizidi, waambie wauguzi siku hiyo hiyo, kwani dawa za kuyatuliza zipo.