Mussolini hakuiteka Roma, alifunguliwa mlango

Hapa Malindi Kiitaliano unakisikia sokoni, ufukweni, mpaka kwa madereva wa tuktuk. Si ajabu basi kwamba nikifika kwenye Vita vya Pili vya Dunia, wanafunzi wangu huniuliza zaidi kuhusu Mussolini, dikteta wa Italia, kuliko Hitler. Na kisa chake kinatuhusu: Oktoba 1940 ndege zake za kivita ziliudondoshea mji huu mabomu.

Mimi ni mwalimu wa historia, na jambo ambalo sichoki kulieleza ni hili: mtu huyu hakupindua serikali. Alikabidhiwa.

Benito Mussolini alizaliwa mwaka 1883 huko Predappio, baba mhunzi, mama mwalimu. Alianza kama msoshalisti, akahariri gazeti la chama hadi 1914 alipofukuzwa kwa kutaka Italia iingie vitani. Mwaka 1919, mjini Milano, akaanzisha kundi lake la Kifashisti. Vijana wake wa mashati meusi walipiga wapinzani na kuchoma ofisi za vyama vya wafanyakazi, na mara nyingi polisi waliwaacha tu. Hata hivyo, katika uchaguzi wa 1921 Mafashisti walipata viti 35 kati ya 535.

Sasa tazama Oktoba 1922. Mashati meusi wanaelekea Roma, wameloa mvua, silaha zao duni. Jeshi lingeweza kuwatawanya. Waziri Mkuu Luigi Facta anaandaa amri ya hali ya hatari, na asubuhi ya tarehe 28 anampelekea Mfalme Vittorio Emanuele III. Mfalme anakataa kutia saini. Mussolini mwenyewe hakuwa hata kwenye msafara. Alikuwa Milano akisubiri. Alipoitwa kuunda serikali, alipanda treni ya usiku, akaingia Roma asubuhi ya tarehe 30. Alikuwa na miaka 39.

Mlango huo ungeweza kufungwa tena. Juni 1924 mbunge Giacomo Matteotti, aliyesimama bungeni kueleza wizi wa kura na vitisho vya Mafashisti, alitekwa nyara mchana kweupe na kuuawa. Nchi ilitikisika, wabunge wa upinzani wakasusia vikao wakitumaini mfalme atachukua hatua. Akanyamaza. Januari 1925 Mussolini akasimama bungeni akatangaza kuwa yote yaliyotokea ni dhamana yake, akijua hakuna wa kumgusa. Baada ya hapo vyama vingine vikapigwa marufuku, magazeti yakazibwa midomo.

Kimya kile kililipiwa na Waafrika. Oktoba 1935 aliivamia Ethiopia, na ndege zake zikamwaga gesi ya sumu juu ya wanajeshi na raia. Mwaka uliofuata mfalme yuleyule akakubali kuitwa Kaisari wa Ethiopia. Hilo naliona zito kuliko hata kukataa kwake kutia saini mwaka 1922. Ni majeshi yaliyotoka Kenya mwaka 1941, wakiwemo askari wa KAR (jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), yaliyopita Kismayu na Mogadishu hadi kuingia Addis Ababa.

Anguko lake linathibitisha ninachosema. Julai 1943 Washirika, yaani Uingereza, Marekani na wenzao, walitua kisiwa cha Sisilia, Roma ikapigwa mabomu. Usiku wa kuamkia tarehe 25, Baraza Kuu la chama chake mwenyewe lilimpinga kwa kura 19. Mkwewe Galeazzo Ciano alikuwa miongoni mwa hao 19. Jioni Mussolini akaenda kwa mfalme, akaambiwa kazi imekwisha. Alipotoka nje alitiwa kwenye gari la wagonjwa, akapelekwa kizuizini. Mfalme alikuwa na mamlaka ya kumwondoa miaka yote hiyo 20.

Wajerumani walimkomboa Septemba, wakamweka kaskazini kama kibaraka wao. Aprili 1945 alikamatwa na wapiganaji wa upinzani akiwa amevaa koti la kijeshi la Kijerumani, akapigwa risasi tarehe 28, na maiti yake ikatundikwa miguu juu katika uwanja mmoja wa Milano.

Juni 1946 Waitaliano walipiga kura kuufuta ufalme. Vittorio Emanuele alikuwa ameshakimbilia Misri, na huko ndiko alikofia mwaka uliofuata.